Kutoka Diani hadi Lushoto: Majira ndiyo huamua safari

MKAZI wa Diani, Msambweni au Kwale anayetamani baridi ya milimani hana haja ya kwenda mbali sana. Akiondoka alfajiri, avuke mpaka wa Lunga Lunga, apite Tanga na kushika barabara ya Korogwe, aweza kulala Lushoto, juu ya Milima ya Usambara nchini Tanzania, usiku wa siku hiyo hiyo.

Njia hiyo ni ya kale. Mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao Rabai, alifika Usambara mwaka wa 1848 na tena 1852, akapokewa na Mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vuga. Baadaye Wajerumani waliokimbia joto la pwani walijenga mji wao huko na kuuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Leo mji huo ndio Lushoto.

Mji huo uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kwale, ambao watu wa Diani huusifu kwa ubaridi kwa sababu uko kwenye Milima ya Shimba, haufiki mita 500. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi sita hivi katika kila mita 1,000 mtu anazopanda. Kwa hiyo, siku ambayo Diani ina nyuzi 28, Lushoto yaweza kuwa na 20 tu.

Tofauti hiyo haiwi sawa mwaka mzima. Majira manne yanayojulikana na kila mvuvi wa pwani yaani kiangazi, masika, kipupwe na vuli, hupanda pia milimani, lakini huko hubadilika sura. Familia inayofungwa na likizo za shule za Aprili, Agosti na Desemba yapaswa kuyaelewa kabla ya kukata tiketi.

Kiangazi

Kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi mapema Machi, wakati pepo za kaskazi zinapovuma, mchana wa Lushoto huwa na jua la wastani na usiku huwa na ubaridi wa kupendeza. Huu ndio wakati wa matunda ambayo hayastawi pwani, kama vile plamu, mafyulisi na peasi. Miti hiyo huhitaji baridi ili izae, na ndiyo maana hupatikana Usambara wala si Msambweni.

Masika

Kati ya Machi na Mei mvua kubwa hunyesha pande zote mbili za mpaka. Pwani mvua hiyo huleta madimbwi na matope. Milimani huleta hatari kubwa zaidi, kwani udongo wa miteremko mikali hulegea na kuporomoka, na barabara huweza kufungwa. Njia za miguu za msituni nazo huteleza. Likizo ya Aprili, kwa sababu hiyo, ndiyo isiyofaa kabisa kwa safari hii.

Kipupwe

Juni hadi Agosti, kusi inapovuma, ndio wakati wa baridi yenyewe. Usiku, joto la Lushoto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, hali ambayo mtoto aliyezaliwa Ukunda huenda hajawahi kuiona. Asubuhi ukungu hufunika mabonde. Mvua kubwa ni chache, hivyo barabara na njia za msitu hupitika vizuri.

Vuli

Oktoba hadi Desemba hunyesha mvua fupi ambazo mwaka mmoja huwa za kadiri na mwaka mwingine huzidi. Mwezi wa Desemba pia wenyeji wa mikoa ya kaskazini mwa Tanzania hurudi makwao kwa wingi kwa ajili ya Krismasi, na mabasi hujaa. Anayeuchagua mwezi huo sharti aweke nafasi ya basi na ya malazi mapema.

Hati za kusafiria

Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini kitambulisho cha taifa pekee hakitoshi. Abebe pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji.

Anahitaji pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo anayeikumbuka siku moja kabla ya safari atakuwa amechelewa. Tangu mwaka wa 2016, cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa.

Mwenye gari abebe hati za umiliki na bima inayokubalika Tanzania. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani, kwani Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019.

Njiani

Kutoka kituo cha Horohoro hadi Tanga ni kiasi cha kilomita 65. Kutoka Tanga, barabara hupita Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo. Hapo ndipo mlima unapoanza. Mombo iko tambarare, na Lushoto iko kilomita 33 tu mbele yake, lakini katika kipande hicho gari hupanda karibu mita 1,000 kwa kona baada ya kona, likipita maporomoko ya maji ya Soni.

Urefu wa Lushoto hautoshi kuleta ugonjwa wa mwinuko, ambao kwa kawaida huanza zaidi ya mita 2,500. Kinachosumbua wengi ni kichefuchefu cha kona. Yafaa kula chakula chepesi kabla ya Mombo, na kupanda mlima kabla ya giza na ukungu.

Mizigo iwe na sweta, soksi, viatu vya kufunika miguu na koti la mvua. Wazee, watoto wachanga na wenye pumu walindwe zaidi na baridi ya usiku, na dawa zao zisisahauliwe.

Mgeni hatapata shida ya chakula halali, kwa kuwa Wasambaa wengi ni Waislamu. Akishatulia, aweza kutembelea kilele cha Irente, ambapo nyika yote huonekana chini ya miguu yake, na msitu wa Magamba.

Wasio na pasipoti

Familia ambayo hati zake hazijakamilika yaweza kwenda Wundanyi, katika Milima ya Taita, kupitia Voi na Mwatate bila kuvuka mpaka. Taita na Usambara zote ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na mashauri kuhusu masika na sweta ni yale yale.

Kwa mwenye kufuata kalenda ya shule, basi, Agosti ndiyo salama zaidi kwa barabara, ingawa ndiyo yenye baridi kali. Desemba ina matunda, lakini inahitaji matayarisho ya mapema na sikio kwenye utabiri wa hali ya hewa. Aprili ni bora kubaki Diani.