Baridi ya kiyoyozi na mimea ya ndani

Vitabu vingi vya kutunza maua ya ndani viliandikwa kwenye nchi zenye theluji, ambako baridi hupenya kupitia kioo cha dirisha na mwenye nyumba huhangaika kuizuia. Dar es Salaam haina baridi hiyo. Hata wakati wa kipupwe, Julai na Agosti, joto la usiku hushuka hadi kama nyuzi 18 za Selsiasi tu, ilhali mimea mingi ya kitropiki huanza kudhurika chini ya nyuzi 10 hadi 13. Baridi inayokifikia chungu cha maua katika maduka na ofisi za Kariakoo ni ya kiyoyozi, na ndiyo hulaumiwa majani yanapoharibika. Lawama hiyo haijakaa sawa. Mara nyingi mmea wa ndani jijini huuawa na hewa kavu ikisaidiana na maji mengi kwenye udongo, wakati ubaridi wenyewe haujafika pa kuua.

Baridi halisi ina namna yake ya kudhuru. Mafuta yanayounda utando wa seli hupoteza ulaini, utando hushindwa kuzuia kilichomo ndani, na maji na chumvi huvuja. Jani hupata mabaka meusi yenye majimaji, pengine baada ya mmea kurudishwa kwenye joto. Sasa tazama jani la mmea uliokaa dukani miezi kadhaa: ncha zake zimekauka na kuwa kahawia, hazina majimaji hata kidogo. Hiyo ni dalili ya kiu. Rimoti za viyoyozi vingi hazishuki chini ya nyuzi 16, kwa hiyo chumba kizima hakiwezi kufika kwenye kiwango cha hatari. Unyevu, hata hivyo, huondoka kweli. Anayepita Mtaa wa Kongo au Aggrey akadondokewa na maji kutoka kwenye mpira wa kiyoyozi ghorofani anaupata ushahidi huo utosini: yale maji yalikuwa mvuke ndani ya chumba, na mmea ulikuwa ukiutegemea.

Hapo ndipo kosa la pili linapoingia. Mwenye duka huona ncha zimekauka, humwagilia. Kesho huona hazijapona, humwagilia tena. Kumbe katika chumba chenye ubaridi na mwanga hafifu udongo hukauka polepole, mizizi hukosa hewa na kuoza, na mzizi uliooza haupandishi maji. Jani huzidi kukauka juu ya udongo uliolowa chapachapa. Mfano wake ni Zamioculcas, mmea unaoota wenyewe kwenye pwani ya Tanzania, Kenya na Zanzibar, ambao wakulima wa Uholanzi waliufanya bidhaa ya dunia nzima tangu miaka ya 1990. Una viazi chini ya udongo vinavyohifadhi maji na huvumilia ukame wa miezi. Ajabu ni kwamba ofisini, penye watu wa kuuhudumia, hufa kwa kuzamishwa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba hewa inayotoka kwenye matundu ya kiyoyozi ni baridi kuliko nambari iliyo kwenye rimoti. Ni kweli: inaweza kuwa chini ya joto la chumba kwa nyuzi 10 au zaidi, hivyo jani lililo mbele yake hukaribia kiwango cha madhara. Lakini hilo ni suala la mahali pa kuweka chungu. Kisogezwe nje ya mkondo wa hewa, na hatari hiyo huisha bila kuzima mashine. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu Saintpaulia, ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka mbegu zake Ulaya mwaka 1892. Majani yake hupata madoa meupe yakimwagiwa maji baridi. Hapa ubaridi una hatia, ila si wa hewa: ni tofauti ya ghafla kati ya joto la jani na la maji, na ofisini maji hayo hutoka kwenye bomba la baridi la mtungi wa kunywea. Dawa ni maji yaliyokaa ndooni usiku kucha, yakimwagwa kwenye udongo na kuliacha jani.

Ushauri wa vitabu vya ughaibuni, wa kuondoa chungu dirishani jua likizama, Kariakoo hugeuka kinyume, maana upande wa dirisha ndio wenye joto. Tena duka likifungwa jioni kiyoyozi huzimwa, joto na unyevu hurudi, na asubuhi mzunguko huanza upya. Umeme ukikatika, mabadiliko hayo huja hata mchana. Kupanga vyungu karibu karibu, ili mvuke wa majani ubaki kati yao, husaidia kuliko kupandisha nyuzi kwenye rimoti. Kabla ya kumwagilia, kidole kizamishwe hadi kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, maji yasubiri.