Kabla Uvae Raba, Uliza Njia Hii Ilikuwa ya Nani

Kama uko kwa mtandao na unapenda mbio, lazima umeona zile video za Ureno. Watu wamebeba vibegi vya maji mgongoni, wanakimbia kwa njia nyembamba juu ya majabali, bahari inapiga chini yao. Halafu njia inageuka ndani, inapanda vilima, inapita katikati ya mashamba na vijiji vyeupe. Kila zikizunguka kwa simu zetu hapa Kitale, kuna mtu anasema sisi hatuna kitu kama hicho.

Wacha niwaambie kwanza ile njia ni nini. Inaitwa Rota Vicentina, iko kusini magharibi mwa Ureno. Ile sehemu ya baharini inaitwa Njia ya Wavuvi, kwa sababu ni wavuvi wa vijiji vya pale walioichora kwa miguu yao wakienda kwenye miamba kuvua samaki. Ile ya bara inaitwa Njia ya Kihistoria. Zilifunguliwa rasmi mwaka 2012. Ile ya wavuvi ikapakwa alama za kijani na buluu ili mgeni asipotee. Sasa wageni wanalala vijijini na kula vijijini, na pesa inabaki hapo. Njia yenyewe ilikuwepo kitambo. Walichofanya wenyeji ni kuikubali, kuiwekea alama, na kuiita kwa jina la watu walioikanyaga kwanza.

Sasa tuje kwetu. Kutoka Kitale ukiangalia magharibi unaona Mlima Elgon, umekaa kama mzee aliyelala. Bungoma wanauona upande wa kaskazini. Huo mlima umejaa njia, na kila moja ilikuwa na kazi kabla ya mtu yeyote kuja na saa ya kupima mapigo ya moyo. Shida ni kwamba tukizipiga picha tunaandika "mandhari" na tunamalizia hapo. Mimi nasema njia isiyo na historia ni rahisi sana kufungwa, kwa sababu hakuna mtu wa kusema ilikuwa yake. Nitawapa nne.

Ya kwanza ni ya chumvi. Unatoka Kitale, unapita Endebess, unafika lango la Chorlim la mbuga ya Mlima Elgon, ambayo ilitangazwa mwaka 1968. Ndani kuna mapango: Kitum, Makingeny, Chepnyalil. Kitum linaingia mlimani kama mita 200. Ndovu huingia humo gizani, wanapapasa njia kwa mkonga, wanakwangua ukuta kwa pembe, wanakula ule udongo kwa sababu una chumvi. Watu wa mlima nao waliichimba hiyo chumvi kwa ajili ya ng'ombe wao, na familia zikaishi mapangoni pamoja na mifugo. Hao ni Wakony, mmoja wa ukoo mkubwa wa Wasabaot, na jina Elgon limetoka kwao. Wabukusu wanauita mlima huo Masaba.

Mwaka 1883 akaja Mskoti anaitwa Joseph Thomson. Akakuta watu wanaishi humo, na bado akajiuliza kama mapango yalichimbwa na Wamisri wa kale. Miaka karibu mia baadaye, mwaka 1980 na tena 1987, watu wawili waliokuwa wametembelea Kitum walipata virusi vya Marburg wakafa, na tangu hapo dunia inalijua pango letu kama pango la ugonjwa. Tahadhari ni ya kweli, usiende kushika-shika popo. Lakini angalia vile stori imeenda: mgeni mmoja aliona Wamisri, wengine wakaona virusi. Aliyekuwa akipanda kila wiki kutafuta chumvi ya ng'ombe hayuko popote kwenye hiyo stori, na ndiye alitengeneza njia.

Ya pili iko Webuye. Wasee wa pale wanaijua Chetambe kwa mapafu, maana ule mlima haukuonei huruma. Ukifika juu uko kwenye ngome. Watachoni na Wabukusu wote wana masimulizi yao kuhusu nani alichimba lile handaki, lakini kilichotokea hapo mwaka 1895 kinajulikana. Waingereza walikuwa wameweka kituo Mumias, pale misafara ya kutoka pwani kwenda Buganda ilikuwa inapumzika. Wabukusu walikuwa wamepata bunduki kupitia hiyo misafara, na serikali ikazitaka. Kikosi kilichotumwa kuzichukua kikauawa Lumboka. Ndipo Charles Hobley akaja na jeshi la askari wa Kisudani na wapiganaji kutoka Buganda. Wakavunja Lumboka, halafu wakapanda Chetambe. Watu wengi walikufa ndani ya ngome, na wengine wakachukuliwa mateka.

Sasa sikiza hii. Mwaka 1947, zaidi ya miaka 50 baadaye, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa na mtu ambaye ujanani alichezea Kenya mpira, aliongoza maelfu ya watu kupanda hapo Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Hawakubeba bunduki. Walipanda tu njia na kutoa sadaka. Mwaka uliofuata Masinde akakamatwa na dini yake ikapigwa marufuku. Kulikuwa na mambo mengi kati ya serikali na Masinde, siwezi sema ni ule mlima peke yake. Lakini jiulize kwa nini serikali yenye jeshi iogope watu wanaopanda mlima kukumbuka. Kwangu jibu liko wazi: ukikumbuka ulipigwa wapi, unakumbuka pia shamba lilikuwa la nani.

Ya tatu ni ya kahawa, na hii babu na nyanya zenu wanaijua vizuri kuliko vitabu. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi ikavunja rekodi miaka miwili baadaye. Upande wa pili wa Elgon, Uganda ya Idi Amin, mkulima alikuwa analipwa pesa kidogo, tena kwa kuchelewa. Upande wetu kulikuwa na wanunuzi wenye pesa taslimu. Katikati kulikuwa na mlima na mpaka usioonekana usiku. Basi kahawa ikatembea. Ilikuja kwa vichwa, kwa migongo, kwa punda, ikashuka hadi Chepkube, kasoko ka mpakani Bungoma ambako ghafla kakajaa matajiri. Magendo ya Chepkube yalijenga nyumba ambazo mpaka leo watu wanazionyesha kwa kidole.

Fikiria hao wabebaji. Gunia begani, usiku, mteremko wa matope, askari pande zote mbili. Kama hiyo si mbio za milimani basi sijui tunaita nini mbio. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewangoja mwisho na medali.

Ya nne inauma, kwa sababu haijaisha. Juu kabisa, kupita msitu, kuna nyanda za Chepkitale. Ni nchi ya Waogiek wa Mlima Elgon, watu wa nyuki na ng'ombe. Kuanzia mwaka 1971 serikali ilianza kuwashusha watu wa juu kwenda Chepyuk, mpango wa makazi ambao ugawaji wake ulizua ugomvi juu ya ugomvi. Kati ya 2006 na 2008 huo ugomvi wa mashamba ukawa vita. Kwanza kundi la SLDF, halafu jeshi. Mamia waliuawa, na kuna familia zinazotafuta watu wao mpaka leo. Katikati ya hayo yote, mwaka 2000, Chepkitale ilikuwa imetangazwa hifadhi ya wanyama, na wenyeji wakawa wavamizi kwa boma zao wenyewe. Waogiek wakaenda kortini Bungoma. Septemba 2022 mahakama ya ardhi ikasema kugeuza ardhi yao kuwa hifadhi bila kuwahusisha kulikiuka Katiba.

Wao walihitaji kuonyesha kwamba waliishi kule, na mtu anayeishi mahali huacha njia: ya kwenda kwa mizinga, ya kwenda kwa maji, ya kwenda kwa jirani. Ndio maana nasema hii mambo ya njia si mchezo.

Na mbio zenyewe je? Zimetoka hapo hapo. Ben Jipcho alizaliwa kwa mlima huu. Mwaka 1968 kule Mexico City alitoka mbele kwa kasi, mzunguko wa kwanza karibu sekunde 56, ili Kipchoge Keino amchoshe Jim Ryun na kushinda mita 1,500. Mwaka 1973 akavunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mwaka 1974 akarudi kutoka Christchurch na dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola. Hata huo mchezo wa viunzi na maji ulianza Ulaya kama mbio za mashambani, kutoka mnara wa kanisa moja hadi mwingine, kuruka kuta na mitaro, kabla upelekwe uwanjani. Linet Masai, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 2009, ni wa Mlima Elgon. Vuka mpaka, Kapchorwa, utapata Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni ya Olimpiki London 2012, na Joshua Cheptegei mwenye rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000. Mlima mmoja huo.

Kwa hivyo mtu asituambie Elgon inangoja kugunduliwa. Najua siku inakuja ambapo kampuni fulani italeta mashindano hapa, na ramani, na majina ya Kizungu ya kupendeza, na bango lenye mdhamini. Mimi sipingi mashindano. Tunahitaji hizo pesa, na kuna vijana Kapsokwony, Cheptais na Endebess wanaoweza kuwa viongozi wa njia kesho asubuhi. Ninachopinga ni mtu kuchora ramani bila kuuliza, kwa sababu anayechora ramani ndiye anayeamua nani ni mwenyeji na nani ni mpita njia.

Wareno waliandika "wavuvi" kwa kibao chao. Sisi tukipewa rangi na brashi, mimi nishachagua. Kutoka Chorlim hadi Kitum, Njia ya Chumvi. Kutoka mpakani hadi Chepkube, Njia ya Wabebaji. Pale Webuye tuweke tu mwaka, 1895, na kila mtu atakayefika juu akihema atauliza ni wa nini. Ile ya Chepkitale siwezi kuipa jina. Wenyewe wako hai, wako kule juu, na wana lugha. Waulizwe.