Mwalimu wa Maktaba na Mafunzo Kazini: Hoja Kutoka Somanda

Katika shule nyingi za serikali nchini Tanzania, hususan za mikoa iliyo mbali na pwani kama Simiyu, anayeitwa mkutubi wa shule ni mwalimu wa somo fulani ambaye, juu ya vipindi vyake vyote, amekabidhiwa ufunguo wa chumba cha vitabu. Mjadala wowote kuhusu kuwaendeleza kitaaluma wakutubi wa shule katika kata kama Somanda, mjini Bariadi, hauna budi kuanza na mwalimu huyu, kwa kuwa mkutubi mwenye stashahada, ofisi na msaidizi hayupo, wala hatarajiwi kupatikana karibuni. Hoja ya makala haya ni kwamba mafunzo yake yafanyike shuleni kwake, ndani ya utaratibu wa mafunzo ya walimu uliopo, na kwamba mafunzo hayo hayatazaa matunda iwapo masharti ya utunzaji wa vitabu yanayomfanya aogope kuviazimisha hayatabadilishwa kwanza.

Taaluma ya ukutubi nchini ilijengwa kwa mtazamo mwingine. Ripoti ya Sidney Hockey ya mwaka 1960 kuhusu huduma za maktaba Afrika Mashariki ilifungua njia ya sheria ya mwaka 1963 iliyounda bodi ya maktaba ya Tanganyika. Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na sheria ya mwaka 1975 ikaipanulia Bodi ya Huduma za Maktaba majukumu yake, likiwemo la kuwafunza wakutubi. Jukumu hilo ndilo lililozaa chuo cha ukutubi na nyaraka cha Bagamoyo mwaka 1989. Chuo hicho kinastahili heshima. Hata hivyo, kutoka Bariadi hadi Bagamoyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na mwalimu anayeondoka kwenda kusoma huacha darasa lisilo na wa kulishika, katika mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia watu zaidi ya milioni 2.1 na ambao, kama mikoa mingine, umepokea wimbi la wanafunzi tangu elimu bila ada ianze kutekelezwa Januari 2016. Akirudi na cheti chake, anaendelea kupandishwa daraja kama mwalimu, na ujuzi wa maktaba unabaki kuwa hisani anayoitendea shule.

Inafaa kutazama kwa karibu kile ambacho mwalimu huyo hufundishwa pale semina ya siku mbili tatu inapopatikana. Kwa kawaida huanza na daftari la kupokelea vitabu, yaani leja ambamo kila kitabu huandikwa tarehe ya kufika, namba yake, mwandishi, jina, mchapishaji, mwaka, chanzo na bei, kisha mihuri, kisha uainishaji, yaani kuvipanga vitabu kwa mada, mara nyingi kwa mfumo wa Dewey unaogawa maarifa yote katika makundi kumi makuu. Yote hayo ni kazi halali za ukutubi, lakini uzito wake hauko mahali panapofaa. Leja ni chombo cha kuhesabia mali, na kitabu kikipotea, aliyeweka saini ndiye anayetakiwa kujieleza. Mwalimu aliyefundishwa vizuri namna ya kujaza leja, bila kufundishwa wala kuruhusiwa namna ya kufuta kitabu kilichochakaa au kilichopotea kwa sababu zinazoeleweka, amefundishwa kufunga mlango. Hapa pana chanzo kimojawapo cha makabati yenye vitabu vipya vilivyofungwa kwa kufuli huku watoto wakisoma kutoka ubaoni, na ni kosa kulihesabu jambo hilo kuwa uvivu wa walimu.

Kinachokosekana zaidi ni ujuzi wa kumkutanisha mtoto na kitabu kinachomfaa. Maktaba ya shule ya msingi yenye vitabu mia chache haihitaji sana makundi kumi ya Dewey. Inahitaji mtu anayejua kitabu kipi kina sentensi tatu katika ukurasa na kipi kina aya nzima. Shirika la Room to Read, lililoanza kazi Tanzania mwaka 2011, hupanga vitabu vya watoto kwa rangi kulingana na ugumu wake, na huwafuata walimu wa maktaba shuleni baada ya mafunzo ili kuwasaidia palepale wanapokwama. Kwa mtoto wa Somanda ambaye nyumbani anazungumza Kisukuma na anakutana na Kiswahili cha kuandikwa darasani, mpangilio wa namna hiyo ni wa lazima, kwa sababu kitabu kigumu kuliko uwezo wake humfanya aione maktaba kuwa mahali pa kushindwa. Mwalimu wa maktaba anapaswa pia kufunzwa kusoma kwa sauti mbele ya darasa kubwa, kuuliza swali kabla ya kufunua ukurasa, na kukitumia kipindi kimoja cha dakika 40 ili kila mtoto ashike kitabu kwa mikono yake. Huo ni ualimu, na ndiyo maana si busara kuutenganisha na mafunzo ya ualimu.

Kanda ya Ziwa ina historia inayoliunga mkono wazo hili. Kati ya mwaka 1968 na 1972, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO na kuwa na makao yake Mwanza, uliendeshwa katika mikoa ya ziwa ikiwemo Shinyanga, ambayo Bariadi ilikuwa sehemu yake hadi Simiyu ilipoundwa mwaka 2012. Vitabu vya kwanza vya watu wazima vilihusu kilimo cha pamba, ufugaji na uvuvi, na ilipobainika kwamba waliojua kusoma wangesahau wasipokuwa na cha kusoma, maktaba za vijiji zilianzishwa. Waliozisimamia hawakuwa wakutubi wa shahada. Walikuwa wanavijiji waliopewa mafunzo mafupi karibu na kwao. Maktaba nyingi kati ya hizo zilififia baadaye, vitabu vilipoacha kuletwa na usimamizi ulipolegea. Kufifia huko hakuthibitishi kwamba mafunzo mafupi hayafai. Kunaonyesha kwamba mafunzo yasiyo na mwendelezo huisha pamoja na msukumo ulioyaleta.

Mwendelezo huo sasa una pa kushikizwa. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, huwakutanisha walimu katika jumuiya za kujifunza shuleni, na baina ya shule jirani katika vituo vya walimu. Hakuna kinachozuia walimu wa maktaba wa Somanda, Malambo, Isanga na Sima kuwa na jumuiya yao katika utaratibu huohuo, wakikutana mara moja kwa mwezi katika shule mojawapo, wakitazama mwenzao akiendesha kipindi cha maktaba na kubadilishana vitabu ambavyo watoto wa shule moja wameshavimaliza. Bodi ya Huduma za Maktaba na chuo cha Bagamoyo wangekuwa na kazi kubwa ya kuandaa moduli, kutuma wakufunzi na kutoa cheti kinachotambuliwa kwa hatua anazopiga mwalimu akiwa kazini.

Pingamizi zito ni kwamba njia hii inahalalisha upungufu: serikali ikiona mwalimu wa kawaida anatosha, haitaajiri wakutubi kamwe. Miongozo ya maktaba za shule ya shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, ya mwaka 2015, inasisitiza kwamba mkutubi wa shule awe na elimu rasmi ya ukutubi na ya ualimu pia, na msimamo huo ni sahihi. Lakini watoto walioko darasa la tatu leo hawawezi kusubiri ajira za mwongo ujao, na mwalimu aliyepitia mafunzo ya hatua kwa hatua ndiye atakayeweza kuidai nafasi hiyo kwa ushahidi mkononi. Sharti la kwanza la njia hii ni muda: mwalimu wa maktaba apunguziwe vipindi kwa idadi iliyoandikwa katika ratiba ya shule, si kwa ahadi ya mdomo ya mwalimu mkuu. Sharti la pili ni la wathibiti ubora wa shule, ambao wanapoingia chumba cha vitabu waanze na daftari la kuazimisha kabla ya leja, waulize ni vitabu vingapi vimetoka wiki hiyo na vimekwenda kwa nani, na wakubali kwamba vitabu kadhaa vilivyochanika mikononi mwa watoto ni matumizi, visiandikwe kuwa hasara.