Ngoma ya Rumanyika na Ripoti ya Isanga

Alipofariki Ndagara, mtawala wa Karagwe, katikati ya karne ya 19, wanawe watatu, Rumanyika, Nnanaji na Rogero, walisimama kila mmoja akidai kiti cha baba yake. Na John Hanning Speke, Mwingereza aliyewasili katika nchi hiyo mwezi wa Novemba 1861, alisimuliwa na wenyeji wake namna mzozo ule ulivyokatwa. Wakuu wa dola waliweka mbele ya ndugu hao ngoma ndogo iliyosheheni dawa, wakatangaza kwamba hapana mkono uwezao kuinyanyua ila wa yule ambaye urithi ni haki yake. Wawili wakashindwa nayo, na Rumanyika akaiinua kwa kidole chake cha mwisho. Rogero hakuridhika na hukumu ya ngoma, akashika silaha, na ikambidi Rumanyika atake msaada wa Musa Mzuri, tajiri wa misafara, hata fitina ikatulia.

Mikono ya watu watatu ndiyo iliyoonekana ikifanya kazi siku ile, lakini waliokuwa wakitazama walikuwa wakipeleleza jambo la ndani lisiloonekana kwa macho, yaani ni nani kati yao anayedai kwa haki na ni nani anayedai kwa tamaa. Hamu hiyo ya kuipata dalili ya nje itakayofichua hali ya nafsi ni kongwe kuliko vyuo vyote, na ndiyo mzizi wa taaluma ambayo leo huitwa saikolojia ya mahakama, ambayo kijana wa Kayanga au wa Nkwenda akitaka kuihitimu hana budi kupita katika shahada ya kwanza, kisha uzamili, kisha miaka ya kutenda kazi chini ya jicho la mkubwa wake. Nakusudia kueleza kazi hiyo ya kupima nafsi ya mshitakiwa imepita mikononi mwa nani katika nchi ya Wanyambo, ambayo tangu 2012 imegawanywa kuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Na nakusudia kusema wazi jambo moja ambalo kwa maoni yangu limeachwa njiani.

Katika dola ya Wahinda, ukoo wa kifalme wa Karagwe, ambayo historia yake iliandikwa kwa bidii na Profesa Israel Katoke katika kitabu kilichochapwa 1975, Omukama, yaani mfalme, alikuwa hakimu wa mwisho, na chini yake walikuwako watawala wa sehemu na wazee wa vijiji. Kosa la mtu halikuwa lake peke yake: ukoo wake ulishiriki katika aibu na katika fidia, kwa hiyo ukoo ulikuwa na sababu nzuri ya kuzijua akili za watu wake. Mtu alipotenda jambo lisiloelekea akili, aliitwa mfumu apige ramli, na swali lililoulizwa lilikuwa ni nani amemshika, ama ni pepo mmoja wa Wachwezi, kama Wamara, Mugasha au Irungu, ambaye hutaka apewe mtumishi wake, embandwa, ama ni mkono wa jirani mwenye kijicho. Si kusudi langu kuzisifu njia hizo. Ngoma yenye dawa haimpi haki dhaifu asiye na rafiki kati ya waitengenezao, na ramli iliyomtaja jirani iliweza kumwangamiza mtu asiye na hatia. Hata hivyo wazee wale walikuwa na fadhila moja kubwa: walimjua mshitakiwa tangu utotoni, na walimsikiliza kwa lugha aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama yake.

Mwendo mfupi kutoka ikulu, mahali paitwapo Kafuro, walikaa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofuata pembe za ndovu, nao walikuja na fikihi ya Kiislamu, ambayo humwondolea majnuni adhabu ya matendo yake kama imwondoleavyo mtoto. Hivyo kabla ya Mzungu yeyote kuleta sheria yake, mizani mbili za akili zilikuwa zimekwisha kukaa kilima kwa kilima katika Karagwe.

Wadachi walijenga kituo cha Bukoba 1890, na Waingereza walipowaondoa katika Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilihukumiwa kwanza kwa Kanuni ya Adhabu ya Kihindi, hadi 1930 ilipotungwa Kanuni ya Adhabu yake yenyewe, kwa mfano wa ile ya Queensland huko Australia. Kifungu chake cha 12 husema kwamba kila mtu huchukuliwa kuwa ana akili timamu mpaka ithibati ije kinyume, na cha 13 humwondolea jinai yule ambaye, kwa maradhi yaliyoathiri akili yake, hakuweza kulielewa alitendalo au kujua kwamba halimpasi kulitenda. Maneno hayo yana nasaba ndefu: yalitokana na majibu waliyoyatoa majaji wa Uingereza mwaka 1843, baada ya Daniel M'Naghten, mtu aliyeamini kwamba chama cha siasa kinamwandama, kumwua katibu wa waziri mkuu katika njia za London. Basi Mnyambo aliyemwua mtu katika migomba ya Isingiro akawa anapimwa kwa kipimo kilichofinyangwa kwa ajili ya seremala wa Uskochi.

Mabaraza ya wenyeji yaliachiwa kesi za ndoa, ardhi na madeni, lakini mauaji yalitolewa katika mamlaka yao na kupelekwa Mahakama Kuu. Pale Jaji alikaa pamoja na wazee wa baraza, akawauliza rai yao kabla ya kuhukumu, ingawa rai hiyo haikumfunga. Huo ndio uzi mwembamba uliosalia wa ile kamba nene ya zamani.

Na wale walioonekana kuwa na maradhi ya akili walipelekwa wapi? Hapa historia ya Kagera inaungana na ya Usambara kwa namna ambayo wachache huikumbuka. Wamisionari wa Betheli, wa Bielefeld huko Ujerumani, walianzisha Lutindi mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa katika utumwa, na 1904 mahali hapo pakafanywa makao ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni lile. Nao ndio walioingia Bukoba 1910, wakawa asili ya Kanisa la Kilutheri ambalo leo lina hospitali yake Nyakahanga katika Karagwe. Serikali ya Waingereza ilijenga hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, jina ambalo kwa Waganda, ng'ambo ya mpaka, maana yake ni amani. Na kando yake ikakua taasisi ya Isanga, makao ya wale ambao maradhi yao yamekutana na jinai.

Itazame safari ile. Mshitakiwa alitolewa Karagwe kwa barabara ya vumbi hadi Kyaka, akafika Bukoba. Akapandishwa meli na kuvuka ziwa usiku kucha hadi Mwanza. Kisha akapakiwa garimoshi, kwa reli iliyofika Mwanza 1928, akapita Tabora, akashushwa Dodoma katika nchi kame ya Wagogo ambamo hapana mgomba hata mmoja na hapana mtu ajuaye kumwamkia kwao. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, katika kifungu cha 220, humwamuru mganga wa hospitali ya akili aandike ripoti yake katika muda wa siku 42 tangu mshitakiwa awekwe chini ya uangalizi wake. Siku 42 ni nyingi kwa mwenye kufungwa, lakini ni chache mno kwa anayetaka kujua kama ukimya wa mtu huyu ni ugonjwa, au ni adabu ya kwao mbele ya mkubwa, au ni woga tu wa mgeni.

Na hapo ndipo palipo na kiini cha maneno yangu. Katika chumba cha mahakama ya kikoloni neno la Mnyambo lilitoka kinywani mwake kwa Kinyambo, mkalimani akalitia katika Kiswahili, na Jaji akaliandika kwa Kiingereza. Na ushahidi wa daktari ulipita mlolongo huo huo kwa kurudi nyuma. Mtu akisema kwamba ameshikwa, je, amesema kwamba ana wendawazimu, au amesema kwamba ameitwa kuwa embandwa, jambo ambalo kijiji kizima hulijua na hulitii? Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipambana na fumbo la jinsi hiyo mara nyingi. Mwaka 1941 ilipata shauri kutoka Uganda la wanakijiji waliomkuta mzee akitambaa uchi usiku katika ua wa nyumba, wakaamini kwa yakini kwamba anawaloga papo hapo, wakamwua. Mahakama ikaona kwamba imani hiyo, mbele ya kitendo kile, ilikuwa ghadhabu ya ghafla, ikalishusha kosa kutoka kuua kwa kukusudia. Miaka 10 baadaye, katika shauri jingine la Uganda, ikashikilia kwamba hofu peke yake ya uchawi utakaokuja haitoshi. Majaji wale walijitahidi, nami nawaheshimu. Lakini walilazimika kuchagua kati ya ghadhabu na wendawazimu, ilhali nafsi ya mtu aliyeshikwa na hofu ya kurogwa haikai sawasawa katika chumba chochote kati ya viwili hivyo.

Mfano wa karibu zaidi, ingawa haukuwa wa jinai, ulitokea jirani kabisa. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, iliyokuwa katika wilaya ya Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia pasipo kuweza kujizuia, na hali hiyo ikawashika 95 kati ya wanafunzi 159, hata shule ikafungwa mwezi wa Machi, kisha ikaenea Nshamba na kwingineko. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakachunguza chakula, wasione sumu wala kijidudu, wakaandika 1963 kwamba ni mshituko wa nafsi ulioenea kwa watu. Ni hitimisho la uaminifu. Lakini naitamani taarifa ya mtu ambaye angekaa na wale wasichana mmoja mmoja, akawauliza kwa Kihaya walikuwa wakiogopa nini katika mwezi wa pili wa uhuru.

Mtu wa namna hiyo hufundishwaje? Huko Ulaya na Marekani taaluma yake ilikuwa changa pia. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Stern na Franz von Liszt walipanga ugomvi wa uongo na bastola mbele ya wanafunzi wa Berlin, ili waone namna shahidi mwaminifu anavyokosea. Hugo Münsterberg akaandika 1908 kitabu cha kuwasihi majaji waisikilize elimunafsi, na wanasheria wakamcheka. Mwaka uleule wa Kashasha, 1962, mahakama ya rufani ya Washington ilikubali kwamba mwanasaikolojia asiye tabibu aweza kutoa ushahidi juu ya maradhi ya akili. Uingereza leo humtaka mwanafunzi awe na shahada ya kwanza ya saikolojia, kisha uzamili wa fani hii, kisha si chini ya miaka miwili ya kazi inayosimamiwa, gerezani au hospitalini, ndipo aandikwe katika daftari la kisheria na kuruhusiwa kujiita kwa jina hilo.

Kwetu njia ilipitia utabibu. Skuli ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa 1963, na katika Muhimbili, iliyo chuo kikuu kamili tangu 2007, daktari husomea uzamili wa magonjwa ya akili, na mwanasaikolojia husomea uzamili wa saikolojia ya tiba. Sheria yetu ya jinai, inapotaja ripoti ile ya siku 42, humtaja mganga, haimtaji mwanasaikolojia. Hivyo kijana aliyehitimu elimu ya nafsi husimama mlangoni mwa mahakama akitegemea mkono wa daktari umwingize. Naona hilo lapaswa kurekebishwa, kwa sababu daktari wa Isanga ana wagonjwa wengi na saa chache, na kazi ya kuketi na mtu, kumpima kumbukumbu, kuwahoji jamaa zake na kutambua anayejifanya mwendawazimu ni kazi ya siku nyingi yenye wataalamu wake.

Lakini sheria ikirekebishwa na mafunzo yakabaki vile vile, faida itakuwa nusu. Vipimo vingi ambavyo mwanafunzi wa uzamili hufundishwa vilitungwa kwa watu wa miji ya mbali, na Karagwe na Kyerwa si mahali pa lugha moja: pana Kinyambo na Kihaya, pana Kinyankole kuelekea Murongo, pana Kinyarwanda na Kirundi katika machimbo ya bati na katika familia zilizovuka mpaka, na 1994 wilaya ile ilipokea wakimbizi wa Rwanda kwa maelfu, kila mmoja na mambo ambayo ulimi wake hautaki kuyasema kwa lugha ya kuazima. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na ngazi moja ya ule mlolongo wa zamani ikaondoka. Niliifurahia siku ile kwa moyo wangu wote. Ngazi iliyobaki ni ile kati ya Kiswahili na lugha ya nyumbani, nayo haiondoki kwa sheria.

Ndiyo maana natamani mwanafunzi wa fani hii, kabla hajaandikiwa uzamili wake, apelekwe miezi kadhaa Nyakahanga au Isingiro, akae na wazee wa ukoo, na wakunga, na waumini, na embandwa pia, ajifunze hofu za watu hawa zinaitwa kwa majina gani na zinatofautianaje na maradhi. Na atakapokaa Isanga mbele ya mtu aliyetoka Kyerwa, amwulize swali la kwanza juu ya kwao, na jibu alinukuu katika ripoti kama lilivyotamkwa, kwa Kinyambo, herufi kwa herufi, na chini yake ndipo aandike tafsiri yake, ili Jaji, na wakili, na yeyote ajuaye lugha ile, aweze kuyatazama maneno yote mawili pamoja.