Rasimu, Njeo na Majina ya Mahali: Uandishi wa Historia Simulizi katika Tarime na Serengeti



Niliombwa nizungumzie misingi ya kuandika makala ya kisimulizi. Nimeona vyema niieleze kwa kuwafuata watu ambao hawakufundishwa somo hilo darasani, yaani wazee na walimu wa Mkoa wa Mara walioandika historia za jamii zao kwa Kiswahili. Baadhi ya maandishi hayo, yale ya Mara ya Kusini, yalihaririwa na mwanahistoria Jan Bender Shetler na kuchapishwa na Brill, Leiden, mwaka 2003. Mwanafunzi anayeyasoma kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba yamejaa majina na hayana tarehe. Malalamiko hayo ndiyo mada yangu.

Tuanze na tarehe. Wakuria wa Tarime huhesabu vizazi kwa amakora, katika mikondo miwili, Monyasae na Monyachuma. Mtoto huingia katika kizazi kinachofuata kile cha baba yake, ndani ya mkondo uleule, na majina yakiisha huanza upya. Kwa hiyo jina moja laweza kuwataja watu waliotenganishwa na miaka mia moja au zaidi. Nilipokuwa kijana niliandika rasimu iliyowapa Maina mwaka wao, nikajiona nimefanya kazi ya kisayansi. Nilipomsomea mzee aliyenisimulia, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, “Mwanangu, hawa Maina uliowaandika ni wepi? Wa juzi, au wale wa zamani?” Sikuwa na jibu. Rasimu ile ilikuwa na kurasa arobaini.

Tangu siku hiyo sijaruhusu mwanafunzi wangu aweke mwaka katika rasimu ya kwanza. Rasimu ya kwanza ifuate mpangilio wa msimulizi mwenyewe. Miaka huja katika rasimu ya pili, pale tu inapopata ushahidi wa nje, kama vile safari ya Oscar Baumann aliyepita Serengeti mwaka 1892, muda mfupi baada ya sotoka kuangamiza ng’ombe.

Huko Serengeti, kwa Waikoma, Wanata na Waishenyi, uti wa mgongo wa simulizi ni mahali. Msimulizi hutaja mlima, kisha mto, kisha mahame ya kijiji, na kila jina lina ukoo wake. Mwanafunzi huiona orodha hiyo kuwa kavu, akaifuta ili “hadithi isonge mbele”. Kosa hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwishoni mwa karne ya 19 njaa, ndui na mashambulizi ya Wamasai viliwasukuma watu wengi waache makazi yao ya mashariki. Mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikaanzishwa, na baadhi ya mahame hayo yakabaki ndani ya mipaka yake. Mgeni leo huambiwa kwamba ile ni nyika isiyowahi kukaliwa. Anayefuta orodha ya majina kwa ajili ya mtindo anafuta ushahidi wa kwamba watu waliishi pale, na wajukuu wao hawana hati nyingine.

Sasa niseme kidogo kama mwanaisimu. Simulizi ya Kiswahili hufunguliwa kwa -li- na kuendeshwa kwa -ka-: walitoka mlimani, wakavuka mto, wakajenga. Shule imewazoesha vijana kurudia -li- katika kila sentensi, na makala yao husomeka kama ripoti ya polisi. Nawashauri waitumie -ka-, lakini waiogope pia, kwa kuwa huficha muda. Kati ya “wakavuka” na “wakajenga” yaweza kuwa siku moja, au kizazi kizima. Kikuria hutenga wakati uliopita wa karibu na wa mbali ndani ya kitenzi chenyewe, ilhali -ka- ya Kiswahili hulaza yote mahali pamoja. Ndiyo maana kila nionapo mlolongo wa -ka- katika rasimu, naandika pembeni: muda gani? Kisha mwanafunzi hupanda basi na kurudi Mugumu au Tarime kuuliza. Wengine hawanisamehi kwa nauli hiyo.

Limebaki jambo la nani aulizwe. Wanata husimulia asili yao kwa watu wawili: Nyamunywa, mwanamume mwindaji, na Nyasigonko, mwanamke mkulima. Hata hivyo maandishi niliyoyataja mwanzoni yameandikwa na wanaume, na Shetler mwenyewe alirudi kwa wanawake wa Mara katika kitabu chake cha mwaka 2019. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea rasimu ya tatu, safi, yenye miaka na ramani. Nilimuuliza bibi yake amesema nini. Alikuwa hajamuuliza, nami nikamrudishia.