Miezi Tisa: Historia ya Kinga ya Surua kwa Mtoto Mchanga

Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, na kati ya wakazi wasiozidi 8,000 wakaugua zaidi ya 6,000. Peter Panum, daktari kijana wa Denmark, aligundua kuwa wazee walioiugua mwaka 1781 hawakuguswa. Kinga ya utotoni ilikuwa imedumu miaka 65.

Ilichukua zaidi ya karne moja kuipata kinga hiyo bila ugonjwa. Mwaka 1954, huko Boston, John Enders na Thomas Peebles walikitenga kirusi cha surua, na mwaka 1963 chanjo ikaidhinishwa Marekani. Ilitolewa kwanza katika miezi 9, ikasogezwa hadi 12 mwaka 1965, kisha 15 mwaka 1976, kwa kuwa wachanga wengi waliochanjwa hawakupata kinga. Sababu ilikuwa urithi wa mama: kingamwili zake, zilizopita kwenye kondo la nyuma, zilikizima kirusi dhaifu cha chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kukitambua.

Afrika haikuweza kungoja hivyo. Huku surua ikiua watoto wasiotimiza mwaka, utafiti wa Machakos, Kenya, miaka ya 1970, ulisaidia kuweka umri wa miezi 9. Katika umri huo hukingika watoto kama 85 kwa kila 100. Wakifika miezi 12, kama 95. Nauona uamuzi huo kuwa wa haki, kwa maana wale kumi wa ziada wangepatikana kwa kuzika wengine.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo yenye virusi vingi zaidi, ya miezi 6. Watoto walitengeneza kingamwili, lakini Guinea-Bissau na Senegal wasichana waliochanjwa hivyo walifariki kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata, tena si kwa surua. Mwaka 1992 ikaondolewa. Funzo hilo zito halijaeleweka lote hadi leo.

Mwaka 1998 watafiti wa Stanford walionyesha kizuizi cha pili. Hata asiye na kingamwili za mama, mtoto wa miezi 6 hutengeneza zake chache, ingawa seli zake za T, tawi jingine la kinga ya mwili, huitikia vizuri.

Kwa ajili ya wale ambao dozi ya miezi 9 haiwakingi, dozi ya pili, ya miezi 18, iliingia Kenya mwaka 2013 na Tanzania mwaka 2014. Lakini akina mama wa sasa, waliochanjwa badala ya kuugua, huwarithisha watoto kingamwili chache, nazo huisha mapema. Pengo kabla ya mwezi wa tisa limepanuka, na mlipuko unapotokea wauguzi huchanja hata wa miezi 6, kisha huwarudia kwa ratiba ya kawaida.