Kombe, Mswaki na Mapigo ya Moyo

Mwaka jana nesi mmoja alinishika mkono kwenye kifundo, akatazama saa yake, akahesabu. Kisha akahesabu tena. Mapigo ya moyo wangu yalikuwa 44 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Wapo wenye mapigo ya chini ya hapo na ni wazima kabisa, kwa mfano wanariadha, lakini mimi si mwanariadha. Nilikuwa nameza vidonge vya presha, na kwa majuma mawili nilikuwa nikiona kizunguzungu kila tulipoinuka kanisani kuimba.

Nesi aliniandikia nimwone daktari kesho yake asubuhi. Jioni ile, hapa nyumbani Isongole, nilipata washauri wawili. Ndugu mmoja wa ushirika wa maombi aliniambia nivitupe vile vidonge, nisimame kwa imani. Jirani yangu naye akasema, "Dawa ni dawa. Meza, usiulize maswali." Wote wawili walinitakia mema. Lakini usiku ule sikulala, maana kila nilipokaribia kusinzia niliogopa kwamba moyo utasahau kupiga.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya dawa zinazopunguza mapigo ya moyo. Nilidhani ni habari ya Ulaya peke yake. Kumbe sehemu yake moja ilitokea mahali ambapo maji ya mto wetu hupita.

Sumu ya mshale

Mto Songwe, unaotutenganisha na ndugu zetu wa Malawi, humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Maji ya Nyasa hutoka upande wa kusini kwa Mto Shire, nao Shire huingia Zambezi. Katika nchi hiyo ya Shire huota mmea ambao wenyeji waliuita kombe. Kombe hii si ile ya mpira. Ni mmea wenye sumu kali. Wawindaji walitengeneza sumu kutokana na mbegu zake, wakaipaka kwenye mishale, na mnyama aliyechomwa alianguka kwa sababu moyo wake ulisimama. Walikata nyama iliyozunguka jeraha wakaitupa, kisha wakala iliyobaki. Walijua, pasipo kitabu, mahali sumu ilipozidi na mahali ilipokuwa kidogo mno kumdhuru mtu.

Mwaka 1858 David Livingstone, mmisionari aliyekuwa pia daktari, alifika Zambezi na msafara wake. Miongoni mwao alikuwamo daktari kijana, Mskoti kama yeye, jina lake John Kirk, mjuzi wa mimea. Kirk alichukua sumu ile ili aichunguze, akaiweka mfukoni pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alionja uchungu mdomoni. Hakushtuka, kwa sababu aliwahi kuutumia mpini wa mswaki huo kuchotea kwinini, na kwinini ni chungu. Siku hizo alikuwa na mafua na mapigo ya moyo wake yalikuwa yamepanda. Mara yakashuka, na kesho yake alikuwa mzima.

Habari hiyo imo katika kitabu cha safari yao kilichochapishwa mwaka 1865. Jambo lililonigusa ni kiasi cha maneno yao. Walisema tukio moja halitoshi kuthibitisha kitu, ila huenda kombe ikawa dawa yenye thamani. Hawakupiga tarumbeta.

Sumu hiyo ilipelekwa Uingereza. Huko Edinburgh, Profesa Thomas Fraser aliifanyia kazi kwa miaka mingi, na kufikia mwaka 1885 madaktari walikuwa wameanza kuijua kuwa dawa ya moyo uliochoka. Kirk mwenyewe alihamia Zanzibar mwaka 1866. Ndiye aliyekuwa balozi wa Uingereza pale Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko la watumwa. Mahali pa soko lile, Mkunazini, leo limesimama kanisa kuu la Anglikana.

Askofu aliyepoteza dawa

Katika bonde lile lile, miaka ile ile, kuna habari nyingine ambayo yafaa tuisome sisi watu wa maombi. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie aliongoza wamisionari wa UMCA hadi Magomero, juu ya bonde la Shire. Aliacha kila kitu kwa ajili ya Injili. Mwanzoni mwa mwaka 1862, akiwa safarini kwenda kukutana na Livingstone, mtumbwi wao ulipata ajali mtoni na dawa zao zikapotea, pamoja na kwinini. Homa ilimshika. Alifariki tarehe 31 Januari, 1862, kwenye kisiwa kidogo mahali Mto Ruo unapoingia Shire.

Ndugu yangu wa ushirika, nani angethubutu kusimama kwenye kaburi lile na kusema kwamba askofu yule alipungukiwa imani? Alipungukiwa kwinini. Ukipoteza dawa kwa ajali ni msiba. Kuitupa kwa mikono yako mwenyewe na kuita jambo hilo imani ni neno lingine, nami nusura nilifanye.

Kiasi

Lakini jirani yangu naye alikosea. Mwaka 1785 daktari Mwingereza, William Withering, alitoa kitabu kuhusu mmea uitwao digitali. Alifuata habari za mwanamke mzee wa Shropshire aliyetibu uvimbe wa mwili kwa mchanganyiko wa mitishamba zaidi ya 20, akatambua kwamba nguvu yote ilikuwa katika mmea huo mmoja. Aliandika waliopona na wasiopona pia. Akaonya kwamba dawa ikizidi, mgonjwa hutapika, huona vitu kuwa vya kijani au vya njano, mapigo hushuka hata kufikia 35 kwa dakika, na mwisho wake ni kuzimia na kufa. Akaagiza kwamba dalili za kwanza zikitokea, dawa isimamishwe. Daktari aliyeipenda dawa yake kuliko wote ndiye aliyetufundisha kuiuliza maswali.

Vidonge vyangu ni vya ukoo mwingine, lakini somo ni lile lile. Vinatokana na kazi ya James Black, Mskoti pia, ambaye baba yake alifariki kwa mshtuko wa moyo. Black alijua kwamba mwili hutoa adrenalini, nayo hubisha hodi kwenye moyo na kuuambia ukimbie. Akatafuta dawa ya kukaa mlangoni na kuizuia. Mwaka 1964 aliitangaza propranololi, na mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa za aina hiyo zimewapumzisha wengi wenye maumivu ya kifua na presha. Lakini zikizidi kwa mtu fulani, au zikichanganyika na dawa nyingine, moyo hupiga polepole mno. Na zikiachwa ghafla, moyo uliozoea kulindwa huweza kukimbia tena kwa nguvu. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, jambo hilo huweza kuleta hata mshtuko wa moyo.

Hivyo shauri la kutupa lingeweza kunidhuru, na shauri la kumeza bila kuuliza lingeweza kunidhuru vilevile.

Daktari alinipima umeme wa moyo, akauliza dawa zote nilizokuwa nikimeza, hata zile nilizonunua dukani bila kumwambia mtu. Akapunguza dozi, akaniamuru nirudi. Baada ya wiki tatu mapigo yalikuwa 58 na kizunguzungu kimekwisha. Wapo ambao tatizo lao haliko kwenye dawa bali kwenye moyo wenyewe. Hao husaidiwa kwa betri ya moyo, ambayo mtu wa kwanza aliwekewa mwilini huko Stockholm mwaka 1958. Siku hizi kazi hiyo hufanyika hata hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Katika Maandiko, Mfalme Hezekia alilia mbele za Bwana akaongezewa miaka 15, na bado Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kwa ajili ya tumbo lake, lakini alitaja kiasi: kidogo. Sioni mahali ambapo maombi yalikuja ili kuondoa kipimo.

Wapendwa, kama unatumia dawa za moyo au presha, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono ukiwa umetulia, uhesabu dakika nzima, uandike kwenye daftari. Namba ikishuka chini ya ulivyozoea, mwambie daktari kabla hujabadili chochote. Ukizimia, ukibanwa kifua au ukikosa pumzi, usingoje asubuhi. Na sisi tunaoombea wagonjwa, tuwaombee kwa moyo wote, kisha tuwasindikize hospitali.

Yule ndugu wa ushirika bado ni rafiki yangu. Juzi alikuja nyumbani, tukaomba pamoja. Tulipomaliza alininyoshea mkono wake na kuniomba nimhesabie. Yalikuwa 76.